Hamira Nayo Huzeeka: Somo Kutoka Mtungi wa Pombe ya Mtama

Wanachuo wenzangu, ukifungua kitabu kikubwa cha baiolojia ya seli, kiwe kimechapishwa London au Tokyo, utakutana na neno moja la Kiswahili limeandikwa kwa herufi za mlazo: pombe. Ndiyo, pombe hii hii ya kilabuni. Ni nusu ya pili ya jina la kisayansi la hamira moja, Schizosaccharomyces pombe. Nusu ya kwanza ni ya Kigiriki na maana yake ni kuvu la sukari linalopasuka katikati. Nusu ya pili ni ya kwetu.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1893 na Paul Lindner, mtaalamu wa hamira aliyekuwa Berlin. Wajerumani walikuwa wameshika nchi hii wakati huo, na pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki ilifika kwenye maabara ya watengeneza bia wa Ujerumani. Lindner akachunguza machicha yake kwa hadubini, akaona hamira ambayo haikufanana na ile ya bia aliyoizoea. Hamira ya bia na mkate huchipua: mama anatoa kijipu pembeni, kijipu kinakua, kinaachana naye. Hii mpya ilikuwa na umbo la kijiti, ikirefuka na kisha kujikata katikati kuwa mbili zinazolingana. Akaipa jina la kinywaji ilikotoka.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, nasoma ualimu wa sayansi, na mazoezi ya kufundisha nimefanyia mkoa wa Geita. Huku kwetu mtama na uwele ni chakula, na pia ni pombe. Kwa hiyo nimeona niandike juu ya jambo ambalo wanasayansi wamekuwa wakiiuliza hamira kwa miaka mingi, na ambalo linatuhusu sisi tunaoishi kwa boom na pasi ndefu: chakula na mazingira vinafanya nini kwa uzee wa seli? Hamira ya mtungini huzeeka vipi, na nini kinaharakisha au kuchelewesha uzee wake?

Mtungini kuna nini

Tuanze na pombe yenyewe, maana ndiyo maabara ya kwanza. Mpikaji, ambaye mara nyingi ni mama, analoweka mtama, anaufunika mpaka uchipue, anauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Punje inapochipua inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpikaji anautumia ujanja huo wa mmea: anapika uji, anauacha upoe, anachanganya kimea, na wanga wa uji unageuka sukari. Ukionja mapema ni kitamu, kama togwa.

Kisha inakuja hamira. Nyingine imo kwenye nafaka, nyingine kwenye kuta za mtungi, nyingine kwenye machicha ya mpiko uliopita. Inakuta sukari tele, joto la kutosha, maji na madini. Inaanza kula na kugawanyika, na kadiri inavyokula inatoa hewa ya kabonidayoksaidi, ndiyo yale mapovu, pamoja na alkoholi. Hamira ya kupasuka inapenda joto la nyuzi 30 hadi 32, yaani joto la kawaida kabisa la mchana wa Shinyanga, na katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya saa 2 hadi 4. Piga hesabu mwenyewe: seli 1 ikigawanyika kila saa 3, baada ya siku moja ni 256, baada ya siku mbili ni zaidi ya 65,000.

Siku ya tatu au ya nne mambo yanabadilika. Sukari imekwisha. Alkoholi na asidi vimejaa. Povu linatulia, pombe inakuwa kali kisha chachu, na hamira inazama chini kuwa machicha. Mnywaji anasema pombe imeharibika. Ukitazama kwa jicho la baiolojia, hapo ndipo swali la uzee linapoanza: zile seli zilizozama chini ziko hai au zimekufa? Na kama ziko hai, zitadumu siku ngapi?

Saa mbili za uzee

Wanaochunguza hamira wanapima uzee kwa saa mbili tofauti, na ukizichanganya huelewi kitu.

Saa ya kwanza inahesabu uzazi. Hamira ya kuchipua, ile ya mkate, ina mama na binti wanaotofautishwa kwa macho, kwa sababu mama ni mkubwa na kila binti anapoondoka anaacha kovu kwenye ukuta wa mama. Mwaka 1959 Robert Mortimer na John Johnston, wakiwa Marekani, walikaa na hadubini na sindano nyembamba sana, wakawa wanamwondoa kila binti anapozaliwa na kumhesabu. Wakaonyesha kwamba mama hazai milele. Anazaa mara kadhaa, kwa kawaida kama 20 hadi 30, anaanza kuchelewa, kisha anaacha na kufa. Kabla ya hapo wengi walidhani kiumbe cha seli moja hakina uzee, kinajigawa tu na kuendelea.

Saa ya pili inahesabu siku. Hapa seli hazizai tena. Chakula kimekwisha, zimekaa kimya kama machicha chini ya mtungi. Mtafiti anachota kidogo kila siku chache, anaziweka kwenye chakula kipya, na kuhesabu ni ngapi zinaamka. Zinazoshindwa kuamka zimekufa. Saa hii inafanana zaidi na uzee wa seli zetu ambazo hazigawanyiki tena, kama nyingi za ubongo na misuli ya moyo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo nadhani ni zuri kuliko mengi niliyosikia chuoni: "Sir, kwa hiyo hamira inakufa kwa uzee au inakufa kwa njaa?" Makala hii yote ni jibu la swali hilo, na jibu si jepesi.

Rashi ya sukari

Mtu wa Geita ataelewa maisha ya hamira kwa mfano wa rashi. Dhahabu ikisikika imeonekana mahali, watu wanamiminika. Ndani ya wiki chache porini kuna maduara, makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, vibanda vya chakula, maduka, kila kitu kinaongezeka maradufu. Hakuna anayejenga nyumba ya tofali wala kuchimba choo cha kudumu. Kazi ni kuchota haraka. Dhahabu ikiisha, watu wanabaki na mashimo, vumbi na tope lenye zebaki.

Hamira kwenye sukari nyingi inaishi hivyo hivyo. Ikionja glukosi, seli inajiambia kwa lugha ya kikemikali: hiki ni kipindi cha neema, kua, gawanyika, usiweke akiba. Inapunguza kazi ya kujikarabati, inapunguza kinga dhidi ya joto na sumu, nguvu zote inazipeleka kwenye kuongezeka. Ujumbe huu unasafirishwa na mifumo ya vihisio ndani ya seli. Mmoja maarufu unaitwa TOR, na unasikiliza zaidi protini na naitrojeni. Mwingine unaitwa PKA, unasikiliza glukosi. Mifumo hii ikiwaka, seli inakua. Ikizimika, seli inafunga milango, inaweka akiba na kuanza ukarabati.

Mwaka 2000 maabara ya Leonard Guarente huko Marekani ilichapisha jambo lililowashtua wengi. Walipunguza glukosi kwenye chakula cha hamira ya kuchipua kutoka asilimia 2 hadi 0.5, na akina mama wakazaa mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Chakula pungufu, maisha marefu. Kwa hamira yetu ya pombe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2009 walionyesha kwamba seli zilizoondolewa kihisio cha glukosi juu ya ngozi yake zinaishi siku nyingi zaidi. Hebu fikiri hapo. Sukari ipo, lakini seli haina pua ya kuinusa, na inadumu. Maana yake tatizo haliko kwenye sukari yenyewe tu. Liko pia kwenye taarifa ambayo sukari inaipeleka: endelea kukua, usitengeneze chochote.

Ukarabati wenyewe ni nini? Miaka ya 1990 mwanzoni Mjapani Yoshinori Ohsumi aliinyima hamira naitrojeni na kutazama kwa hadubini. Akaona seli inajila yenyewe kwa mpangilio: inavikusanya vipande vilivyochakaa ndani yake, inavifunga kwenye vifuko, inavipeleka kwenye kijishimo cha kuyeyushia taka, na malighafi inayotoka inatumika upya. Kwa kufumbua jambo hilo alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016. Seli iliyoshiba haifanyi usafi huo kwa bidii. Njaa ya kiasi ndiyo inayoshika fagio.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hamira inalimaliza buyu kwa siku tatu, na swali linakuwa itaishi vipi ndani ya buyu tupu.

Tope la mwisho

Hapa ndipo mazingira yanapoingia, na ndipo sehemu ambayo mimi naiona tamu kuliko zote.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa seli za saa ya pili, zile zilizokaa kimya, zinakufa kwa kuchakaa tu. Mwaka 2009 kundi la watafiti huko Seattle, Marekani, liliangalia maji yale ambamo hamira ya kuchipua imekaa. Wakakuta hamira inapokula glukosi nyingi inatoa asidi ya asetiki, ileile ya siki, na asidi hiyo inabaki kwenye maji na kuziua seli. Walipoituliza asidi, seli ziliishi muda mrefu zaidi. Wengine walikuwa wameshaona kwamba ukiitoa hamira kwenye maji yake machafu na kuiweka kwenye maji matupu, yasiyo na chakula chochote, inadumu kuliko ikibaki mle.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kuuliza. Sehemu ya kile tulichokiita uzee ni sumu ya uchafu wa seli zenyewe. Ukipunguza sukari mwanzoni, unapunguza pia siki mwishoni. Mambo mawili yanafungamana: taarifa ya ndani ya seli na hali ya nje ya seli. Mtafiti asiyetenganisha haya mawili anaweza kusema amegundua siri ya uzee kumbe amegundua siki.

Hamira ya pombe ina shida yake ya ziada. Ile ya mkate, sukari ikiisha, inaweza kugeuka na kuila alkoholi iliyoitoa yenyewe, kama mtu anayerudia makombo. Hamira ya pombe haiwezi kukua kwa alkoholi peke yake. Sukari ikiisha, karamu imeisha.

Lakini hamira hiyo hiyo ilikuja kutoa jibu ambalo halikutarajiwa. Kumbuka inajikata katikati, sawa kwa sawa. Hakuna mama wala binti. Sasa nani anazeeka? Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Dresden, Ujerumani, waliifuatilia kizazi baada ya kizazi. Katika mazingira mazuri hawakuona uzee. Seli ziligawanyika bila kuchelewa, na chache zilizokufa zilikufa bila kujali umri wake. Walipozitesa kwa joto au kwa kemikali, picha ikabadilika. Protini zilizoharibika ziliganda zikawa bonge moja, na seli ilipogawanyika bonge lilibaki upande mmoja. Aliyerithi bonge alizeeka na kufa. Mwenzake alitoka safi.

Soma tena taratibu: kiumbe kile kile, jeni zile zile, kinazeeka au hakizeeki kulingana na mahali kinapoishi. Kwa mtu aliyekaa maeneo ya Rwamgasa au Nyarugusu hili si jambo la maabara tu. Kijana wa miaka 30 anayevuta vumbi la mawe kila siku na kushika zebaki kwa mikono mitupu hatachoka sawa na mwenzake wa umri huo huo anayekaa ofisini. Mwili wa mtu ni mgumu kuliko hamira, na mapafu yanaharibika kwa njia zake. Hata hivyo wazo la msingi linabaki: miaka peke yake haielezi uzee.

Njaa si moja

Sasa tufike kwa wanachuo. Hosteli kwetu kuna utani kwamba anayepiga pasi ndefu, yaani anayeruka mlo wa mchana na kusubiri wa usiku, anaongeza siku za kuishi, eti sayansi imesema. Boom likichelewa, utani unaongezeka. Nimesikia pia watu wazima wakisema watoto wa siku hizi wanakula sana, wa zamani walishindia uji wakaishi miaka 90. Hapa lazima tuwe makini, maana hamira hiyo hiyo inayosifia chakula pungufu inatoa onyo kali.

Mwaka 2008 Viktor Boer na David Botstein wakiwa Chuo Kikuu cha Princeton, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa hamira zilizonyimwa vitu tofauti. Wengine walinyimwa fosfati au salfati, vitu ambavyo hamira imekutana na upungufu wake tangu dunia ianze. Seli hizo ziliona upungufu, zikasimamisha kazi, zikatunza sukari iliyobaki, zikadumu. Kundi lingine lilikuwa la hamira zenye hitilafu ya jeni, ambazo haziwezi kujitengenezea kitu fulani cha lazima, mfano amino asidi iitwayo lusini, na zinategemea kupewa. Hizo ziliponyimwa hicho kitu hazikuona hatari. Ziliendelea kuchoma sukari kama kawaida, hazikufunga breki, zikafa haraka sana.

Ni kama dereva wa lori la Kahama aliyeishiwa mafuta lakini geji inaonyesha tanki limejaa. Hatapunguza mwendo, hatatafuta kituo. Atasimama porini.

Somo ni hili. Kilichorefusha maisha ya hamira kwenye majaribio ya glukosi ni upungufu wa kitu kimoja, yaani sukari, huku vingine vyote vikiwepo: naitrojeni, madini, vitamini. Upungufu ulikuwa umepangwa, na seli ilikuwa na vihisio vya kuusoma na kujipanga. Njaa ya mtoto anayekula ugali mtupu asubuhi na jioni ni kinyume chake. Wanga upo, protini hakuna, madini ya chuma hakuna. Hiyo haiitwi kula kidogo. Inaitwa utapiamlo. Takwimu za afya na demografia za Tanzania za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huwezi kumwambia mzazi wa mtoto huyo kwamba sayansi ya hamira inamuunga mkono.

Na wewe mwanachuo unayeshinda na chai ya rangi na andazi, kisha usiku chipsi kavu, umepunguza vitu ambavyo mwili unavihitaji, ukabakiza sukari na mafuta. Umeifanyia hamira yako jaribio la kinyume. Pasi ndefu ni tatizo la mfuko, tuliite hivyo na tulidai suluhisho lake kama tatizo la mfuko, bila kulivika koti la sayansi.

Kutoka hamira hadi mtu

Kuna atakayeuliza: basi kwa nini tunahangaika na hamira, kama binadamu ni tofauti hivyo?

Kwa sababu mitambo ya ndani ni ya ukoo mmoja. Baada ya Lindner, hamira ya pombe ilikaa kimya miaka mingi. Urs Leupold wa Uswisi akaanza kuitumia kuchunguza urithi miaka ya 1940, na Murdoch Mitchison wa Edinburgh akaanza kuchunguza inavyokua na kugawanyika miaka ya 1950. Hapa niseme ukweli mmoja usiojulikana sana: mbegu ambayo Leupold aliitumia, na ambayo maabara nyingi duniani zinaitumia hadi leo, ilipatikana kwenye maji ya zabibu ya Ufaransa miaka ya 1920. Jina ni la mtama wetu, ukoo wa maabara ni wa zabibu zao.

Mwingereza Paul Nurse alijifunza hamira hiyo kwa Mitchison, akapata jeni inayoamua lini seli igawanyike. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walichukua jeni za binadamu, wakaziingiza kwenye hamira iliyoharibika jeni hiyo, na moja ya binadamu ikafanya kazi ya iliyoharibika. Viumbe hivi viliachana kiukoo zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, na kipuri bado kinaingiliana. Nurse, Leland Hartwell na Tim Hunt walipewa Nobel mwaka 2001. Mwaka 2002 ramani kamili ya jeni za hamira ya pombe ilichapishwa: kromosomu 3, jeni zipatazo 4,800.

TOR nayo ina hadithi kama hiyo. Dawa ya rapamaisini ilitoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huko Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1991 watafiti wa Basel, Uswisi, waliitumia kwenye hamira ili kujua inashika wapi, na hapo ndipo TOR ilipogunduliwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa tayari wazee waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Njia ilianzia kwenye hamira.

Lakini ngazi inapanda kwa shida. Nyani wa jamii ya rhesus walilishwa chakula pungufu chenye virutubisho vyote katika vituo viwili vya Marekani. Kituo kimoja kikaripoti wameishi muda mrefu zaidi, kingine mwaka 2012 kikasema urefu wa maisha haukubadilika ingawa afya iliimarika kwa baadhi ya mambo. Hata walichokula wale wa kundi la kulinganishia kilitofautiana kati ya vituo. Kwa binadamu majaribio yapo ya miaka michache, kwa watu wazima waliochaguliwa, wenye afya na wanaoangaliwa na madaktari. Hakuna jaribio lililofuata watu mpaka wafe. Anayekuuzia vidonge vya kuzuia uzee mtandaoni ameruka ngazi zote hizi kwa mguu mmoja.

Darasani bila maabara

Nimalizie na sisi tunaokwenda kushika chaki. Shule nyingi tutakazopangiwa hazina maabara ya maana, na wanafunzi watajifunza sayansi kwa Kiingereza wasichokizoea. Hamira inatusaidia, kwa sababu pakiti inauzwa dukani na kila mwanafunzi ameona pombe ikichacha.

Jaribio ninalopendekeza linahitaji chupa tatu za maji za plastiki, puto, sukari, hamira ya mkate na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa zote zipate hamira sawa. Ya kwanza iwe na maji matupu, ya pili sukari kijiko kimoja cha chai, ya tatu vijiko kumi. Vifuniko vilegezwe ili hewa itoke, maana chupa iliyofungwa kabisa hupasuka. Baada ya wiki mbili mwagieni maji ya juu, oshesheni machicha kwa maji safi, chukueni kiasi sawa cha machicha kutoka kila chupa, mkiweke kwenye maji mapya ya sukari na kuvalisha puto. Pimeni puto lipi linaanza kujaa kwanza, na kwa dakika ngapi. Mkiwa na karatasi za litmasi, pimeni pia maji mliyomwaga. Mtungi huu haunywewi, watoto waambiwe mapema.

Kisha wacheni wanafunzi wagombane. Je, puto limechelewa kwa sababu seli zimekufa au kwa sababu zilikuwa chache? Zimekufa kwa njaa au kwa asidi? Tungebadilisha nini ili tujue? Mwalimu asiwape jibu. Ubishi huo ndio sayansi, na ni ubishi uleule unaoendelea Dresden, Montreal na Seattle.

Mkiwa hapo, mwandikieni mwanafunzi ubaoni jina zima, Schizosaccharomyces pombe. Mwambieni neno la mwisho ni la bibi yake. Aliyezoea kuona sayansi kama kitu kilichokuja na meli atakuwa na sababu ya kuisogelea. Na swali la yule wa kidato cha tatu, uzee au njaa, mpelekeni nalo mpaka kidato cha sita. Kuna kazi humo ya kumtosha hata akifika chuo kikuu.